Hodi Kabla ya Kigingi

Manyunyu yakianza usiku, waya za umeme mkubwa zilizopita juu ya kambi ya mkonge karibu na Hale zilikuwa zikitoa sauti, kama nyuki wengi ndani ya mzinga uliofunikwa. Mtoto aliyelala mkekani karibu na kibatari, ambaye leo ndiye mwandishi wa kumbukumbu hizi, aliisikiliza sauti hiyo mpaka usingizi ukamchukua. Ilikuwa miaka ya 1970. Mafuta ya taa yalipimwa kwa kikombe dukani, na mama alikizima kibatari mara tu daftari la shule lilipofungwa.

Baba yake alifanya kazi korona, kwenye mashine inayokwangua majani ya mkonge mpaka zibaki singa. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku mwanawe alipomuuliza umeme ule unakwenda kwa nani, alitazama juu kidogo, akasema: "Hao wanapita tu."

Alisema kweli. Kituo cha Hale, ambacho mitambo yake imewekwa chini ya ardhi kando ya Mto Pangani, kilianza kazi mwaka 1964 kikiwa na uwezo wa megawati 21. Umeme wake uliwasha Tanga mjini, ukaendesha mashamba makubwa ya mkonge, ukasafiri hadi Dar es Salaam. Korona ilikuwa na umeme. Nyumba ya meneja ilikuwa na umeme. Vyumba vya wafanyakazi vilikuwa na sauti ya nyuki.

Miaka mingi ilipita, mtoto yule akawa mwalimu wa sekondari, akahamia Pangani mjini. Lakini yale maneno matatu ya baba yake yalimrudia kila alipokutana na mradi mkubwa unaopita karibu na watu wadogo. Yalimrudia kwa uchungu zaidi mwaka ambao vijana wanne wenye fulana za kung'aa waliingia kwenye shamba la mama yake wilayani Muheza, wakapigilia vigingi vyenye rangi nyekundu kati ya michungwa, kisha wakachora alama ya X kwenye ukuta wa jiko. Mwenyekiti wa kitongoji aliviona vigingi siku ileile mama alipoviona. Waliokuja walikuwa wametumwa na kampuni iliyopewa kazi ya kupima njia; swali la nani hasa mwenye mradi lilichukua miezi kupata jibu, na fidia ilikuja baada ya masika mbili.

Fedha zilipokuja zilihesabiwa, zikatosha kujenga jiko jingine. Mwalimu alidhani mambo yamekwisha. Mama hakuwa amemaliza. "Mwanangu," alimwambia, "mimi sikatai umeme, sikatai barabara. Lakini mgeni akija kwako hupiga hodi. Hodi ya tatu isipojibiwa, hugeuka akaenda zake. Hawa walikuwa mchana kweupe, na mimi nilikuwa ndani nachambua mchele."

Mwalimu mwenyewe, mwenye elimu yake ya chuo, alikuwa amelitazama jambo lile kama hesabu ya miti: mchungwa mmoja shilingi ngapi, mnazi mmoja shilingi ngapi. Mama alikuwa akizungumza juu ya mlango.

*

Mara ya kwanza kuona mitambo ya upepo, Mwalimu alikuwa amekwenda Nairobi kwenye msiba wa ndugu wa mkewe. Baada ya matanga shemeji alimpeleka vilima vya Ngong. Huko, tangu mwaka 1993, palikuwa na mitambo miwili midogo iliyotolewa kwa msaada wa Ubelgiji. Baadaye shirika la umma la KenGen lilisimamisha mingine mikubwa, na kufikia mwaka 2015 uwezo wa kituo ulikuwa megawati 25.5. Watu hupanda kilima kutembea, watoto hula mahindi ya kuchoma chini ya minara, mbuzi hulala kwenye kivuli chake.

Alisimama chini ya mnara mmoja kwa muda mrefu akisikiliza. Alitegemea kelele. Alichosikia ni pumzi: vuu, kimya kidogo, vuu tena, kama mwanamke anayepepeta nafaka kwenye ungo bila haraka. Aliporudi nyuma hatua mia mbili sauti ilipungua, ila haikwisha. Akajiuliza ingekuwaje kuisikia saa nane ya usiku, kwa mtu mwenye mgonjwa ndani, au kwa mtu asiyetaka kuisikia. Swali hilo hakulipatia jibu pale kilimani. Alipiga picha kwa simu, na picha hizo ndizo zilizowasha mjadala barazani aliporejea Pangani.

Baraza lenyewe liko nje ya duka, ng'ambo ya mto upande wa Bweni, mahali wavuvi hukaa msimu wa kusi ukichachamaa. Wanaojua bahari hiyo hawahitaji kuelezwa: kuanzia Aprili kusi huingia, Juni na Julai huwa kali, ngalawa hulazwa mchangani siku kadhaa mfululizo, na bao huchezwa kuanzia asubuhi. Kuanzia Novemba au Desemba kaskazi hushika zamu. Katikati ya hizo mbili ni tanga mbili, majira ambayo upepo haujui uelekee wapi. Watu hawa wameishi kwa upepo kabla ya mtu yeyote kuupima kwa kifaa, na Mwalimu alipowaonyesha picha aliona kwamba wanazitazama kwa jicho la kazi.

"Pangaboi hili," alisema kijana mmoja, na jina likabaki hapohapo. Pangaboi, kama lile la kwenye dari.

Mzee mmoja, nahodha wa zamani wa jahazi, aliuliza swali ambalo mwanzoni lilionekana dogo: mapanga yale yakishauchukua upepo, unaobaki nyuma unatosha tanga? Mwalimu alijibu kwamba nyuma ya mtambo upepo hupungua na kuvurugika, na ndiyo maana wahandisi huiachanisha mitambo kwa umbali mkubwa. Lakini ukienda mbele kidogo upepo hujirudi. Mzee alitikisa kichwa polepole. Alisema mwamba nao hufanya hivyo, na kila nahodha anajua apite upande gani wa mwamba. Hakuwa na ugomvi na mtambo. Alitaka kujua utakaa wapi.

Mwingine alihofia mvua. Alikuwa amesikia kwamba mitambo hiyo huyafukuza mawingu. Hofu hii mtu wa mjini huiondoa kwa mkono, na Mwalimu nusura afanye hivyo. Akajizuia, kwa sababu aliyesema ni mkulima wa mihogo na minazi ambaye masika ikikosa yeye hukosa mwaka mzima. Mtu wa namna hiyo ana haki ya kujibiwa kwa utulivu. Mawingu ya mvua ya pwani hii hutoka baharini, marefu kuliko mnara wowote mara nyingi sana. Mtambo hauyafikii. Mkulima alisikiliza, kisha akauliza: "Na popo?" Hapo Mwalimu ilibidi akubali kwamba swali ni la haki kabisa. Popo na ndege wakubwa huuawa na mapanga, na ndiyo maana wataalamu huangalia kwanza njia za ndege kabla ya kuchagua mahali.

Sauti iliyobadilisha kikao ilikuwa ya mama mmoja anayelima mwani na kununua pweza. Alikuwa amesimama pembeni na ndoo yake. "Nyie mnauliza upepo. Mimi nauliza barafu." Alieleza kwamba pweza akikaa saa kadhaa bila barafu bei hushuka nusu, na tajiri wa gari analijua hilo, hivyo huchelewa makusudi. Umeme unapokatika, friza la dukani huwa sanduku tu. "Hilo pangaboi likisimama pale, friza langu halitazima? Nijibuni hilo, mengine nitayavumilia."

Mvuvi mmoja akamkumbusha waya wa Pemba. Tangu mwaka 2010 Pemba hupata umeme kutoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na watu wengi wa pwani waliufurahia kwa ajili ya ndugu zao wa kisiwani. Lakini, alisema, zipo nyumba bara alizokuwa akizipita kwenda kuvua ambazo wakati waya unapita zilikuwa bado zinawasha koroboi.

Mwalimu alimsikia baba yake.

*

Usiku ule hakulala upesi. Alijua kwamba wanabaraza walikuwa wakijadili kitu ambacho hakipo kwao. Hakuna shamba la mitambo ya upepo mkoani Tanga. Wizara ya Nishati na TANESCO ziliwahi kupima upepo sehemu kadhaa za nchi, Mkumbara wilayani Korogwe ikiwa mojawapo, pale chini ya milima ya Usambara. Sehemu zilizoonekana bora zilikuwa Kititimo mkoani Singida, wastani wa mita 9.9 kwa sekunde kwenye kimo cha mita 30, na Makambako, mita 8.9. Tofauti ndogo ya mwendo ni tofauti kubwa ya umeme: upepo ukienda kasi mara mbili, nguvu iliyomo ndani yake huwa mara nane. Mkumbara ilibaki nyuma. Mitambo ya kwanza kuingiza umeme wa upepo kwa watumiaji nchini ilisimama Mwenga, Mufindi, mwaka 2020: mitatu, jumla megawati 2.4, ikisaidiana na kituo kidogo cha maji ambacho tayari kilikuwa kikihudumia vijiji vya jirani.

Kwa nini basi mjadala wa Bweni uwe na maana? Kwa sababu kaskazini mwa nchi kuna njaa ya umeme. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, liko mbali kusini, kwenye Mto Rufiji, na umeme hupungua njiani. Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alieleza mpango wa kununua umeme kutoka Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini. Tena kusi huvuma kwa nguvu hasa miezi ya kiangazi, pale maji ya Mto Pangani yanapopungua. Siku moja mtu atakuja na mlingoti wa kupimia upepo, mrefu zaidi ya ule wa Mkumbara, na atataka kuusimamisha mahali penye watu. Wakati huo watu watakuwa na jibu lao, na sehemu kubwa ya jibu hilo itakuwa imekwisha kutengenezwa na yale yaliyowapata zamani.

Kenya imeshalipia somo hili. Kinangop, kaunti ya Nyandarua, palipangwa mitambo 38 yenye jumla ya megawati 60.8. Upepo ulikuwepo, fedha zilikuwepo, mitambo ilikuwa imeagizwa. Ila Kinangop ni nchi ya wakulima wa viazi na kabichi wenye vipande vidogo, nyumba karibu na nyumba. Aliyekodisha kipande chake kwa ajili ya mnara alipata mkataba. Jirani yake, ambaye angesikia sauti ileile na kuona kivuli kilekile kikipiga dirishani, hakupata kitu. Uvumi ukaingia mahali maelezo yalipokosekana: kwamba mimba zitaharibika, kwamba ng'ombe watakosa maziwa, kwamba ardhi itachukuliwa. Wanasiasa nao wakashika kamba. Mwaka 2015 maandamano yalifika kwenye makabiliano na polisi, mtu akapoteza maisha. Februari 2016 mradi ulisitishwa rasmi, bila hata mnara mmoja kusimama.

Mwalimu aliposoma habari za Kinangop kwa mara ya kwanza, aliingia kwenye mtego wa wengi: aliona ujinga wa wanakijiji. Mimba na pangaboi wapi na wapi? Baadaye ndipo alipokumbuka jiko la mama yake. Lau vijana wale wanne wangemwambia mama siku ile kwamba mradi wao hauna madhara, angewaamini kwa lipi? Mtu aliyepita bila hodi hawezi kuaminiwa juu ya jambo la mimba.

Lake Turkana ni kisa kingine, na kwa Mwalimu ndicho kinachouma zaidi. Mitambo 365, megawati 310, shamba kubwa kuliko yote ya upepo Afrika Mashariki, kwenye kona kavu ya Marsabit ambako upepo ni wa ajabu. Ujenzi wa mitambo ulimalizika mwaka 2017, lakini laini ya kupeleka umeme Suswa, zaidi ya kilomita 400, ilichelewa, na mapanga yalikaa mwaka na zaidi bila kutuma kitu hadi Septemba 2018. Wafugaji wa pale, Warendille, Wasamburu, Waturkana na wengine, walikwenda mahakamani kuhusu ekari 150,000 zilizotolewa kwa mradi. Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi hiyo zilipatikana kinyume cha utaratibu. Umeme ule unawasha miji ya mbali. Vijiji vingi vinavyozunguka mitambo vimeendelea kukaa gizani. Hao wanapita tu.

Na bado si kweli kwamba wafugaji na pangaboi hawapatani. Kipeto, kaunti ya Kajiado, mitambo 60 yenye megawati 100 ilianza kazi mwaka 2021 juu ya ardhi ambayo imebaki mikononi mwa familia za Wamasai wanaoikodisha. Jamii ina hisa asilimia 5 kupitia mfuko wake. Ng'ombe hulishwa chini ya minara. Wapo hata watu walioajiriwa kuangalia tumbusi angani, ili mtambo usimamishwe wanapokaribia. Kinangop na Kipeto ni mwendo wa saa chache kwa gari, na mitambo inayozungumzwa ni ya aina moja.

*

Mwalimu alirudi Bweni na habari hizi wiki iliyofuata. Alichagua kuwaeleza sheria pia, maana ipo, na watu wachache wameisikia ikisomwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema ardhi ya kijiji ikitaka kuhamishwa kwa matumizi mengine, na ukubwa wake haufiki hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Ikizidi hapo, kijiji hutoa maoni na waziri huamua. Fidia inatakiwa iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inadai tathmini ya athari kabla ya mradi mkubwa, na wananchi wasikilizwe.

"Kabla," alirudia nahodha. "Imeandikwa kabla?"

Imeandikwa kabla.

Wanabaraza walikuwa na maarifa yao ya kuongeza ambayo hayamo kwenye sheria. Pwani hii mnazi unaweza kuwa wa mtu mmoja na udongo wake wa mwingine. Akilipwa mmoja, ugomvi huingia ndani ya ukoo na hukaa vizazi. Makaburi hayasogezwi, na yapo ambayo hayana hata jiwe, wanayajua wazee tu. Chongoleani, ambako bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima linaishia baada ya kilomita 1,443, kumeyafanya maneno kama tathmini na fidia yawe ya kila siku mkoani Tanga. Kila baraza lina mtu mwenye ndugu aliyehesabiwa miti. Watu hawa si wageni wa miradi. Anayewaendea akidhani anakwenda kuwaelimisha atakuta wamemsubiri na maswali.

Mwalimu aliwaambia pia habari za Denmark, nchi yenye mitambo ya upepo karibu kila upande. Huko nyumba haitakiwi kuwa karibu na mtambo kuliko mara nne ya urefu wa mtambo wenyewe, kuanzia chini hadi ncha ya panga. Na sheria ya mwaka 2008 iliwataka wajenzi wawauzie wakazi wa jirani angalau asilimia 20 ya hisa. Habari ya hisa iliwafanya wacheke kwa furaha, wakaanza kugawana mapanga, wewe hili, mimi lile. Habari ya mara nne iliwanyamazisha. Mama wa pweza aliuliza pangaboi moja lina urefu gani. Mwalimu akasema tuseme mita mia moja, ingawa ya siku hizi huzidi. Mama akahesabu kwa vidole, akaondoka na ndoo yake bila kuaga.

Mwalimu aliona kwamba amemchosha. Alikosea.

Kaskazi ilikuwa imeshaingia alipovuka tena mto, na ngalawa zote zilikuwa baharini. Barazani palikuwa na nahodha peke yake. Alimwonyesha kwa mkono kamba ya mwani iliyofungwa kwenye kizingiti cha nyumba ya mwisho ya kijiji, imenyooshwa kuelekea porini. Mama na wenzake watatu walikuwa wameipima kwa pima mpaka ikafika mita 20, kisha wakaihamisha mara moja baada ya nyingine wakihesabu kwa sauti, na watoto wakipigilia kijiti kila inapoishia. Walitakiwa kuihamisha mara 20. Mara ya 13 waliingia kwenye makaburi ya zamani. Wakasimama, wakawasalimu waliolala, wakaikusanya kamba na kurudi kizingitini kuanza upya, safari hii upande wa kusini, na Mwalimu alipotazama huko aliwaona wakitembea polepole kwenye nyasi ndefu, mmoja mbele ameshika ncha ya kamba.